Ngozi Mbili za Kilima cha Igogo

Ujumbe wa Faisal ulimkuta Kashindye amekaa mlangoni anachambua maharage. Aliufungua simu ikiwa pajani, maana vidole vilikuwa na vumbi.

"Dada Kashi, habari za Mwanza. Kazi ni nzuri, ziwa linameremeta mpaka nimemwita mke wangu aje aone. Ila kuna jiwe moja pale Igogo linanisumbua macho. Nikiweka mwezi wa tisa limetulia. Nikiweka mwezi wa nne lina kingo mbili, kama limevalishwa shati la jiwe jingine. Liangalie kabla hujaitoa kwa wateja."

Faisal alikuwa mwalimu wa hesabu huko Tanga na Mwanza hajawahi kufika. Lakini jioni, akimaliza kusahihisha kazi za wanafunzi, alikaa mbele ya kompyuta yake, akashika usukani wa plastiki, akarusha ndege juu ya Ziwa Victoria. Duniani wapo watu wengi wa namna hiyo, wanaorusha ndege wakiwa sebuleni kwao. Programu wanazotumia huja na dunia nzima ndani yake, ila ni dunia iliyotengenezwa kwa haraka. Kashindye alipouona mji wake humo kwa mara ya kwanza, alikasirika. Ziwa lilikuwa na rangi ya sabuni ya kufulia, na vilima vilikuwa laini kama viazi vilivyomenywa. Hapakuwa na jiwe hata moja. Mwanza bila mawe!

Basi akaanza kuurekebisha, na urekebishaji ukawa kazi. Alitengeneza kiwanja cha ndege, bandari, vivuko vya Kamanga vikikata maji kwenda Sengerema, na mawe ya vilimani moja baada ya jingine. Watu kama Faisal walinunua kazi yake mtandaoni, wakaiweka juu ya ile dunia ya haraka. Waliomuuliza mtaani kwake Buzuruga anafanya kazi gani aliwajibu "kompyuta" na kuishia hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza alirusha droni juu ya kilima, akapiga picha kwa mamia, na kompyuta ikazisoma zile picha na kufinyanga umbo la kilima. Kisha alichukua picha zilezile akalivalisha umbo, kama mtu anavyovalisha mto foronya. Hiyo foronya yeye aliiita ngozi. Igogo aliipiga picha mwezi wa tisa, kiangazi, kilima kikiwa kimekauka. Wateja wakaomba waone Mwanza ya mvua, yenye majani kati ya mawe. Kwa hiyo mwezi wa tatu alirudi akapiga picha upya, akatengeneza ngozi ya kijani, akaivalisha juu ya lile umbo la kiangazi. Kilima ni kilekile, alijiambia, kwa nini afinyange mara mbili?

Aliacha maharage, akaingia ndani, akawasha kompyuta. Aliruka kutoka upande wa ziwa kama Faisal alivyoruka, akaweka mwezi wa nne, akashuka taratibu hadi juu ya Igogo.

Faisal alikuwa mkweli. Lilikuwa jiwe refu la kijivu, limesimama juu ya ubao wa mwamba kama mtu aliyeegemea ukuta. Ukingo wa ngozi ya kijani haukufuata umbo. Ulilivuka, ukamwagikia kwenye bati la nyumba iliyo chini yake.

Na nyumba hiyo aliijua. Ilikuwa ya dada yake, Sabina.

Hakushtuka bado. Alidhani ni kosa lake la kazi, na makosa ya namna hiyo aliyazoea. Akaikamata ngozi, akaivuta mpaka jiwe likakaa sawa. Jiwe likatulia, lakini nyumba zote za kilima zikahama: madirisha yakaenda kwenye kona, tangi la maji la jirani likalala ukutani. Akairudisha. Nyumba zikatulia, tangi likarudi mahali pake, mawe mengine yote yakakaa ndani ya ngozi zao. Likabaki lile moja.

Akajaribu tena kwa njia nyingine. Alichukua zile picha za mwezi wa tatu peke yake, akaiachia kompyuta ifinyange umbo jipya. Ilichukua mchana mzima, feni ya kompyuta ikilia kama nyuki, na yeye akizunguka chumbani. Umbo lilipokamilika aliliweka juu ya lile la kiangazi, jipya jekundu, la zamani jeupe. Kilima kizima rangi zilichanganyika, kwa sababu maumbo yalilingana. Nyuma ya nyumba ya Sabina tu ndipo wekundu ulijitokeza peke yake. Kitako cha jiwe kilikuwa kimesogea kidogo sana. Kichwa chake kilikuwa kimeinama mbele, kuelekea kwenye bati, kwa kiasi cha mkono wa mtu toka kiwiko hadi ncha za vidole.

Kashindye alikaa akitazama. Kisha akapiga simu.

"Dada, mko wapi?"

"Tuko nyumbani, tuwe wapi?" Sabina alikuwa akikoroga kitu, mwiko ulisikika ukigonga sufuria.

"Shemeji yupo?"

"Yuko kazini, karakana. Anarudi saa hizi hizi."

"Hebu chungulia nje. Lile jiwe la nyuma likoje?"

Mwiko ukanyamaza. "Lipo."

"Najua lipo. Limekaa sawasawa?"

"Kashi, jiwe litakaaje? Selina kaanika sare zake juu yake. Kuna nini?"

"Mwambie Selina aanue. Nakuja."

Aliitia kompyuta kwenye begi, akachukua bodaboda. Njiani alitazama ziwa kila lilipojitokeza kati ya majumba. Upande wa Ukerewe wingu lilikuwa limesimama, zito, rangi ya wino. Ilikuwa Jumamosi, na tangu katikati ya wiki mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri.

Kupanda Igogo ni kupita kati ya mawe, mara unainama, mara unashika ukuta wa mtu. Alifika akihema. Sabina alikuwa mlangoni na kitenge kiunoni, na binti yake Selina amekumbatia sare mbichi. Kashindye hakuingia. Alizunguka moja kwa moja nyuma.

Jiwe lilikuwa vilevile. Hicho ndicho kilichomtisha zaidi. Lilikuwa kubwa, baridi, lenye madoa ya kijivu na mjusi wa bluu juu yake, kama alivyoliona maisha yote. Aliliwekea kiganja. Alijiona mjinga. Ilikuwa kana kwamba amekuja mbio kutoka Buzuruga kumgusa mtu mzima aliyelala na kumuuliza kama amekufa.

Kisha akachutama akatazama kitakoni. Mahali ambapo jiwe lilikutana na mwamba palikuwa na mstari mweupe, safi, usio na doa wala ukungu, kama ngozi ya mkono ulioondolewa saa. Sehemu hiyo ilikuwa haijaona jua siku nyingi. Na chini yake, ambapo wageni walipenda kukaa juu ya vijiwe vidogo wakila miwa, hapakuwa na vijiwe tena. Palikuwa na shimo la udongo lililojaa maji ya mvua.

"Unatafuta nini huko?"

Nestory, mume wa Sabina, alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, bado amevaa ovaroli ya karakana ya boti alikochomelea vyuma. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, chumba baada ya chumba, akibeba tofali kichwani kwenye kilima kile. Alikuwa mtu mwema asiyependa kuambiwa jambo.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Nauliza unatafuta nini."

"Shemeji, jiwe hili limehama."

"Nani kakwambia?"

"Nimelipima. Kwenye picha za mwezi wa tisa na za mwezi wa tatu. Limeinama."

Nestory akamtazama, kisha akacheka kidogo bila furaha. "Picha za ule mchezo wako wa ndege."

"Ndizo."

"Mimi nalala hapa. Nafungua dirisha nalitazama, nafunga dirisha nalitazama. Wewe umeliona limehama ukiwa Buzuruga, ndani ya mchezo."

"Hapa chini palikuwa na vijiwe," Kashindye alisema. "Viko wapi?"

Nestory akageuza uso kutazama ziwa. "Mawe kilima hiki yamejaa. Nitajua kila kijiwe kimekwenda wapi?" Akaingia ndani, na mlango akaufunga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sabina alimshika mdogo wake mkono. "Mwache kwanza. Tangu ajenge kile chumba cha Selina amekuwa hivyo. Ukigusa nyumba yake umemgusa yeye."

"Sabina, mvua ile pale."

"Naiona."

Kashindye alishuka hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, mama mtu mzima aitwaye Mwanaheri, aliyekuwa akipanga vyungu vya kuuza kwenye baraza lake. Alimwamkia, akamweleza yote bila kupumua. Mama Mwanaheri hakucheka. Alisikiliza akiwa ameshika chungu kimoja mikononi, hakukiweka chini mpaka Kashindye alipomaliza.

"Mimi siwezi kumtoa mtu ndani ya nyumba yake kwa nguvu kwa sababu ya picha," alisema. "Jumatatu nitakwenda mwenyewe ofisi za jiji. Lakini leo si Jumatatu." Akatazama wingu. "Nestory umemwonyesha?"

"Nimemwambia, hataki."

"Sijakuuliza kama umemwambia."

Kashindye akatazama begi begani mwake. Kompyuta ilikuwemo muda wote. Aliona haya kuifungua mbele ya shemeji yake. Ilikuwa kweli kwamba ulikuwa mchezo, na alikuwa ameogopa Nestory asije akasema hivyo tena.

Alipanda tena. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza, makubwa, yakigonga mabati huku na huku. Nestory alikuwa sebuleni anakula. Kashindye hakuomba ruhusa. Aliweka kompyuta mezani kando ya sahani, akaifungua, akasogeza vitufe mbele ya shemeji yake.

"Bonyeza hapa kwenda mbele, hapa kugeuka. Uko juu ya ziwa. Njoo nyumbani."

Labda ilikuwa uchovu, labda ilikuwa udadisi tu. Nestory alifuta vidole, akabonyeza. Maji yakapita chini yake. Kivuko kikapita. Alikwenda mrama, karibu aingie bandarini, Selina akacheka, naye Nestory akanyoosha mgongo na kushika kazi kwa makini. Igogo ikaja, mawe yakija makubwa, na katikati ya mawe bati jekundu alilolipigilia yeye mwenyewe.

"Ile pale," alisema polepole. "Mpaka kiraka cha jikoni. Na kitenge cha mama Selina kwenye kamba."

"Hiyo ni mwezi wa tisa. Sasa usiguse kitu. Tazama jiwe."

Kashindye akatoa umbo la kiangazi, akaweka la mvua. Nyumba haikutikisika. Kamba, tangi, mlango, vyote vilibaki. Jiwe likaruka mbele. Akarudisha, jiwe likarudi nyuma. Akaweka tena, likaja.

Mvua ilikuwa imeongezeka.

"Rudia," Nestory alisema.

Akarudia.

"Tena."

Akarudia tena. Nestory alikuwa ameacha kutazama jiwe. Alitazama pale chini yake, mahali ambapo picha ya mwezi wa tisa ilionyesha vijiwe na ya mwezi wa tatu ilionyesha shimo.

"Niliyatoa mimi," alisema. "Niliyapasua nikapata kokoto za msingi wa chumba cha Selina. Niliona yamekaa tu. Niliona hayana kazi."

Sabina aliweka mkono mdomoni. Kisha akauondoa, akaingia chumbani, na kilichosikika baada ya hapo ni sauti ya godoro likiburutwa.

Waliondoka mvua ikiwanyeshea, vitu vimefunikwa turubai. Nestory hakushuka nao mara moja. Alikwenda nyumba ya chini, kwa mzee Masalu na mkewe, na Kashindye alimsikia akisema kwa sauti ya juu kushinda mvua, bila kujificha: "Mzee, tokeni. Kosa ni langu, mtanisema baadaye." Wazee wale walikwenda kwa binti yao Buhongwa. Familia ya Sabina ilihamia kwenye vyumba viwili vya Kashindye, na vyombo vyao vikapangwa chini ya meza ya kompyuta.

Jiwe halikuanguka siku ile.

Halikuanguka kesho yake wala Jumatatu. Maofisa wa jiji walikuja, watu wenye adabu, wakalizunguka, wakapiga picha, wakachora alama ya rangi nyekundu juu yake na kusema mtaalamu wa miamba ataitwa. Jua likatoka. Watoto wa kilima wakaanza kupanda kutazama ile alama. Jirani mmoja alimwita Kashindye "mama droni" sokoni na watu wakacheka, si kwa ubaya sana.

Yeye hakuweza kucheka. Kila asubuhi alifungua maumbo yale mawili na kuyapanga upya, akitafuta kosa lake. Labda lenzi ilipata joto. Labda jua la mwezi wa tatu lilitupa kivuli vibaya na kompyuta ikakidhania ni mwamba. Alianza kulitamani kosa hilo kama mgonjwa anavyotamani kuambiwa vipimo vilichanganywa. Halafu alimwona Sabina akilala sakafuni na binti yake, akamwona Nestory akikaa kwenye ndoo uani kwa sababu hapakuwa na kiti cha kumtosha, na moyoni likamjia wazo jingine: laiti lingeanguka tu, liishe, ajulikane kuwa hakusema uongo. Wazo hilo lilimtia hofu kuliko jiwe. Alilifukuza, likarudi. Alimpikia Nestory chai ya maziwa kila alipolifikiria, bila kumweleza kwa nini.

Nestory naye hakuwa akizungumza. Alikwenda kazini, akarudi, akala kidogo. Mara moja alimuuliza Kashindye, "Likiinama hivyo, mtu akilitia kigingi, si litakaa?"

"Sijui, shemeji. Mimi nalipiga picha tu."

"Lakini lilikaa miaka yote kwa vijiwe vile."

"Sijui."

Baadaye alijilaumu kwa kutosikia lililokuwa ndani ya swali lile.

Ilikuwa alasiri, mvua imerudi kwa nguvu, mferejini maji yamejaa mpaka juu. Sabina alipiga simu karakana kumwambia mumewe asubiri mvua ipungue ndipo aondoke. Kashindye aliona uso wa dada yake ukibadilika.

"Wanasema hakufika leo," Sabina alisema. "Wanasema jana aliazima mtaimbo."

Walipiga simu ya Nestory. Iliita mpaka ikakata. Wakapiga tena, ikaita. Hawakuulizana. Walitoka bila mwavuli.

Bodaboda aliwashusha chini ya kilima, alikataa kusogea zaidi kwa matope. Walikuwa wamefika kwenye baraza la mama Mwanaheri waliposikia. Kwanza ilikuwa kama lori linamwaga kokoto mahali fulani juu. Kashindye aliinua kichwa. Kisha kikaja kishindo kimoja ambacho kiliingia miguuni kabla ya kufika masikioni, na vyungu vya barazani vikagongana vyote kwa pamoja.

Sabina alipiga kelele jina la mumewe na kuanza kupanda.

Watu walikuwa wakishuka mbio, wamebeba watoto, na wao wawili wakapanda kinyume chao, wakisukumwa kwenye kuta. Njia ilikuwa mto. Kashindye aliteleza akaumia goti, akainuka. Kichwani alikuwa akiona kile kilima kutoka juu, kama alivyokiona kila siku kwenye kioo, kila bati na kila kona, na alijua kabisa wako wapi na bado hatua ngapi, na ujuzi huo haukumfikisha mapema.

Nusu ya nyumba haikuwepo. Jiwe lilikuwa limelala pale kilipokuwa chumba cha Selina, limegeuka, tumbo lake jeupe limetazama juu kama la samaki. Kipande kilichomeguka kilikuwa kimeendelea chini na kubomoa jiko la mzee Masalu. Vumbi halikuwa na nafasi ya kuruka. Mvua ililiosha papo hapo. Kila kitu kilinuka udongo mbichi.

"Nestory!" Sabina aliita. "Baba Selina!"

Alianza kuvuta mabati kwa mikono mitupu. Kashindye akamsaidia, bati moja, jingine, na chini ya kila bati aliogopa kutazama, akatazama. Aliona mtaimbo. Ulikuwa umepinda kama ubua. Aliuona kabla ya dada yake, na kwa muda aliukinga kwa mwili wake ili Sabina asiuone.

"Mama Selina."

Sauti ilitoka juu yao, si chini. Nestory alikuwa amesimama kwenye ubao wa mwamba, mahali lilipokuwa jiwe, miguu peku, amekumbatia jiwe dogo kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Hakuwa na jeraha hata moja.

Walimpandia. Sabina alitaka kumkumbatia lakini lile jiwe dogo lilikuwa katikati, na mikono yake ilikataa kuliachia. Ilibidi Kashindye amfungue vidole kimoja kimoja.

"Nilikuwa nayarudisha," alisema, meno yakigongana. "Yale ya chini. Nilitafuta ya ukubwa uleule. Nilishaweka mawili, yakakaa vizuri kabisa. Nilikwenda kule nyuma kuchukua la tatu. Nilikuwa nimeinama. Niliposimama, halipo."

"Tulikupigia simu, ikaita tu," Kashindye alisema.

"Niliiacha ndani. Iko chini yake."

Sabina alikuwa amekaa kwenye mwamba, amemshika mumewe kifundo cha mguu, analia na kumpiga ngumi za paja, anampiga na kumshika.

Hakuna aliyekufa kilimani siku ile. Watu walilisema sana jambo hilo, wengine wakaja Buzuruga kumpa Kashindye mkono, na aliyemwita mama droni alileta ndizi. Kashindye alishukuru. Alijua kilichomwokoa Nestory si picha. Ni kwamba jiwe la tatu lilikuwa mbali kidogo. Na kilichompeleka pale, akiwa peke yake na mtaimbo, ni zile picha zake alizomwonyesha mara tatu mezani.

Sabina na mumewe walipanga chumba Buhongwa, kwenye ardhi tambarare. Nestory alirudi kazini, lakini kwa wiki kadhaa hakuweza kuchomelea mstari ulionyooka. Siku moja alimwambia Kashindye, bila kumtazama, kwamba usiku husikia kokoto. Kashindye akamwambia na yeye pia. Tangu hapo walizoeana kuliko zamani, ingawa hawakuwa na mengi ya kuongea.

Masika yalipokatika, mama Mwanaheri alikuja mwenyewe Buzuruga, akaketi, akanywa maji.

"Watu wa kilimani wamekaa kikao," alisema. "Wanataka upige picha tena. Kilima chote. Ulinganishe."

"Mama, mimi si mtaalamu wa miamba."

"Mtaalamu tumeshamwomba, atakuja, wamesema. Lakini watu wanalala wanasikiliza. Mwenye ukuta wenye ufa anauchungulia kila asubuhi. Wanataka kujua."

"Na nikikuta baya?"

"Ndiyo maana nimekuja mimi, sikumtuma mtu."

Akarusha droni asubuhi tulivu, anga jeupe, ziwa limelala. Safari zote za nyuma watoto walikuwa wakiikimbiza na kuipungia. Safari hii watu wazima walitoka, kila mmoja akasimama mbele ya mlango wake, uso juu, kama wanaohesabiwa. Hakuna aliyepunga mkono.

Umbo jipya lilipokuwa tayari, Kashindye alilifungulia barazani kwa mwenyekiti, vyungu vikiwa vimesogezwa ukutani kupisha meza. Watu walisimama nyuma yake, karibu kiasi kwamba alisikia pumzi zao shingoni. Alianza upande wa ziwa, akapanda polepole. Jekundu juu ya jeupe. Jiwe la kwanza lililingana. La pili likalingana. Kila rangi zilipochanganyika alisema, "Hili halijahama," na nyuma yake mtu fulani alishusha pumzi na kuondoka kwenda kuendelea na shughuli zake. Kikundi kilipungua.

Karibu na kilele, chini ya mnara wa maji, alisimamisha kidole kwenye ukingo mwekundu uliojitokeza peke yake. Alisogeza picha karibu. Akaisogeza mbali, akairudisha tena.

"Hilo liko kwetu," mwanamke mmoja alisema nyuma yake, kwa sauti ndogo. "Dada, hilo liko kwetu. Vipi?"

Kashindye hakugeuka. Alihisi mkono wa mwanamke yule ukishika mgongo wa kiti.

"Kaa hapa karibu yangu, mama," alisema. "Tuangalie wote."